Je, wajua kwa nini bunduki iliyolazwa kwenye mbao hukosa shabaha baada ya kufunguliwa na kufungwa upya?

Mwindaji kafungua bunduki yake ya komeo (ile inayopakiwa kwa kuvuta komeo kwa mkono), kaitoa kwenye mbao, kasafisha kutu na mafuta yaliyoganda, kisha kaifunga na kukaza skrubu zote mpaka zimegoma. Awali, kwa mita 100, risasi tatu zilikuwa hazipishani zaidi ya sentimita 3. Sasa zinatawanyika sentimita 12, naye anailaumu darubini.

Mara nyingi darubini inasingiziwa. Kilichobadilika ni jinsi chuma kilivyokaa ndani ya mbao. Baruti inapowaka mtutu hutetemeka, na risasi hurudi palepale kwa kuwa mtutu umetetemeka vilevile. Mbao ikiubana upande mmoja, au skrubu ikiupinda mtambo (chuma kinachobeba komeo, nyuma ya mtutu) kidogo tu, mtetemo huo hauwi ule tena.

Tazama Winchester Model 70 ya Marekani, zile za kabla ya 1964. Chini zina skrubu tatu. Ya mbele huuvuta mtambo kwenye mbao karibu na jino la chuma lililo chini yake, linalopokea kishindo. Ya nyuma hushika mkia wa mtambo. Ya kati, iliyo mbele ya kikingio cha triga, hushikilia vyuma vya chini tu. Mtu asiyejua huzikaza zote kwa nguvu moja, na hapo ndipo hujiponza: ya kati inauvuta mtambo katikati, mtambo unapinda. Kaza ya mbele, ifuate ya nyuma, ya kati iguse tu isilegee. Nyingi za zamani zina na ya nne, chini ya mtutu wenyewe. Hiyo nayo ikikazwa kuliko ilivyokuwa, risasi huhama.

Kabla ya kukaza, bunduki ikiwa tupu, isimamishe kwa kitako na uigongegonge taratibu sakafuni ili jino lirudi nyuma liegemee mbao. Likiachiwa nafasi, risasi za mwanzo ndizo zitakazolisukuma, na kila moja itapiga kwake.

Mbao yenyewe haitulii. Mjozi, mti wa mbao hizi, hunywa unyevu na kuutoa, kama mlango unaobana masika na kulegea kiangazi. Mafuta ya kusafishia yakichuruzika humo miaka na miaka, mbao hulainika, skrubu ikawa inabonyeza badala ya kushika.

Soma karatasi ya shabaha kabla ya kushika bisibisi. Risasi zikikaa pamoja ila zimehama, bunduki ni nzima. Rekebisha darubini, basi. Zikitawanyika ovyo, anza na skrubu. Zikianza vizuri kisha zikahama upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto, yaelekea mtutu unagusa mbao mahali fulani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakitaki chombo zaidi ya bisibisi. Bunduki tupu, imesimama wima. Weka kidole pale ncha ya mbao inapokutana na mtutu, kisha mwenzako alegeze skrubu ya mbele polepole na kuikaza tena. Ukihisi mtutu unaachana na mbao na kurudi, mtambo umekaa kwa kulazimishwa. Hapo kukaza zaidi hakusaidii. Fundi atachonga kidogo chini ya mtambo na kumwaga epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, ili chuma kipate makao yake hasa.