"Damu yake ni 9": tisa ya nini?

Upungufu wa damu ni hali ya damu kukosa hemoglobini ya kutosha, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Binti wa miaka 12 na kuendelea, asiye mjamzito, akipimwa akakutwa na hemoglobini chini ya 12, anao. Maana ndiyo hiyo.

Sasa hiyo namba. Hapa Kigoma utasikia "mtoto ana damu 9", na anayepokea habari anashika kichwa: lita tisa tu? Jamani, mtu mzima ana lita kama 5 za damu mwili mzima. Mwenye tisa angepasuka. Hizo ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu, yaani mililita 100. Ujazo wa damu unaweza kuwa uko palepale. Mtazame mjamzito: damu yake huongezeka, ila majimaji yake huongezeka kuliko chembe nyekundu, ndiyo maana kwake mpaka umeshushwa hadi 11. Ana damu nyingi kuliko zamani na bado anaweza kuambiwa ana upungufu. (Sisemi kosa ni la wananchi peke yao, hospitalini nako wanaita "kupima wingi wa damu".)

Ukishaamini kilichopungua ni ujazo, utatafuta cha kujazia, na macho yanakimbilia chekundu: rozela, juisi ya bitiruti, hata soda. Hemoglobini hutengenezwa kwa madini chuma, na wekundu wa bitiruti hautokani na madini hayo, nayo ndani yake ni kidogo. Huku dagaa wameanikwa Kibirizi, binti anakula ugali wa muhogo na mchuzi mtupu, kisha anateremshia chai ya rangi, ambayo inazuia madini chuma yasifyonzwe. Naye yuko kwenye umri wa kurefuka, na kila mwezi hedhi inaondoka na sehemu ya madini hayo.

Chanzo kikiwa malaria, minyoo, kichocho au selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), hapo sahani peke yake haitoshi. Atibiwe hicho kwanza.

Kwa hiyo, mama, binti ana hemoglobini 9. Rozela anywe tu, ni tamu. Ila apate dagaa, matembele ayakamulie ndimu, na chai isubiri kama saa moja baada ya kula.