Kijito kimoja, majina matatu

Ukimuuliza mtu wa milimani "mto huu unaitwaje?", usishangae akikujibu, "Huu? Ni mto tu." Hajakudharau. Mto anaouvuka kila siku kwenda shamba ni mmoja, autofautishe na upi? Nilipoanza kuchora ramani za vijiji nilikuwa naandika "hauna jina", kisha nasonga mbele. Nilipoteza majina mengi kwa uvivu huo.

Siku hizi nauliza: mnachota maji wapi? Mnavukia wapi? Hapo majina yanamwagika. Kwenye kijito kimoja cha Uluguru, kati ya vile vinavyopeleka maji Ruvu, akina mama wa bondeni waliniambia wanachota Kwa Mkuyu. Watoto wa shule wanavukia Mawe Mawili. Mzee aliyenipeleka hadi kwenye chemchemi alikuwa na jina la tatu, la Kiluguru. Yeye alilitamka kwa L, mtendaji wa kijiji akaliandika kwa R. Nilirekodi sauti ya mzee kwenye simu, maana masikio yangu ya Kiswahili huwa yananidanganya.

Jina la mzee ndilo nililolipa kijito chenyewe kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, kwa L, na tahajia ya mtendaji nikaiweka kama jina mbadala. Kwa Mkuyu na Mawe Mawili ni majina ya mahali, hivyo yakawa nukta pembeni mwa mstari. Mstari wenyewe huchorwa kufuata maji yanakoelekea. Kujua yanakoelekea si jambo dogo: Ruvu ziko mbili, hii inayoingia baharini karibu na Bagamoyo, na ile ya upande wa Kilimanjaro inayoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. (Nimewahi kuletewa picha za moja kwa maelezo ya nyingine.)

Mipaka ndiyo inayonitoa jasho. Ili kijiji kipate cheti cha ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lazima mipaka yake na majirani ijulikane na ikubaliwe. Tatizo ni muhtasari wa kikao unaosema "mpaka unafuata mto" na kuishia hapo.

Unafuata mto wa lini? Wazee wa vijiji viwili walinisimamisha kwenye korongo kavu lenye mawe laini ya mtoni, mahindi yamepandwa katikati. "Mwanangu, mto ulikuwa unapita hapa," mmoja akaniambia. "El Nino ndiyo iliyouhamisha." Yaani mvua za 1997/98. Maji sasa yanapita hatua kama sitini kuelekea kijiji cha pili. Yule wa pili akadakia: mto ukihama na mpaka unahama. Wa kwanza akacheka, lakini si kwa furaha.

Ndiyo maana siunganishi mstari wa mpaka na mstari wa mto, ingawa programu inaruhusu. Ukiviunganisha, kijana aliyeko mbali atarekebisha mto kwa picha mpya ya satelaiti, na familia tatu zitajikuta kijiji kingine bila kikao chochote. Nachora mto ulivyo leo, kisha mpaka peke yake, na kila nukta naiandikia tarehe na nani alinionyesha.

Kipande cha korongo lile nimekiacha wazi hadi halmashauri za vijiji vyote viwili zikae. Kikao kimeahirishwa mara mbili, mara ya mwisho kwa sababu ya mvua.