Walijisaidia wapi? Wanawake waliopigana vita kwa majina ya wanaume

Kila nikizungumza juu ya wanawake waliojiunga na jeshi wakijifanya wanaume, kuna swali halikosi kuja, na anayeliuliza huwa analiuliza kwa sauti ya chini. Safari hii liliulizwa kwa sauti ya kambini. Tulikuwa katika ukumbi mdogo wa maktaba hapa Nairobi, na mama mmoja aliyetumikia kikosi cha wanawake cha jeshi letu kabla hakijavunjwa mwaka 1999 alisimama akasema: "Mwalimu, mimi nimelala kambini. Hebu niambie, hawa walijisaidia wapi?"

Nikamjibu, "Vichakani, afande." Akatikisa kichwa, akabaki amesimama. Alitaka jibu lote, nami nikampa pale pale, nikamwahidi pia kuliandika.

Nianze na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kwa kuwa ndivyo vilivyotuachia karatasi nyingi. Hukadiriwa kwamba wanawake wasiopungua 400 walipigana humo wakiwa wamevaa sare na kubeba majina ya kiume, kaskazini na kusini. Vyoo vya kambi vilikuwa mitaro iliyoachwa wazi, na vilinuka hata wanaume wengi waliona heri kuingia msituni. Askari aliyejitenga hakumshangaza mtu. Watu walilala na magwanda yao, wakakaa wiki nyingi bila kuoga mwili mzima, na magwanda yenyewe yalikuwa mapana.

Na daktari wa kupima makuruti? Kanuni ilimtaka amvue mtu nguo. Lakini foleni ilikuwa ndefu na jeshi lilihitaji watu, kwa hiyo mara nyingi alitazama vidole kama vitavuta bunduki, na meno. Meno yalikuwa na kazi: baruti na risasi zilifungwa pamoja katika karatasi, na askari aliirarua kwa meno kabla ya kushindilia. Kidevu kisicho na ndevu na sauti nyembamba havikuleta shaka, maana kambi zilijaa wavulana waliodanganya umri. Hedhi nayo hukatika mtu anapokula vibaya na kutembea mwendo mrefu kila siku, na isipokatika, kitambaa chenye damu si kitu cha kuulizwa kwenye kambi ya majeruhi. Zaidi ya hayo yote kulikuwa na suruali. Watu wengi wa zama zile hawakuzoea kumwona mwanamke ndani ya suruali, kwa hiyo macho yao yakishaiona hayakutafuta zaidi.

Yule mama alinikatiza hapo. "Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiwatazama." Naam.

Waliotazamwa ni waliougua au kupigwa risasi. Deborah Sampson alijiandikisha Massachusetts mwaka 1782, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, kwa jina la Robert Shurtliff. Alipojeruhiwa mguuni alilichimbua jeraha mwenyewe ili daktari asimvue nguo. Mwaka uliofuata homa ilimwangusha Philadelphia akapoteza fahamu, na daktari aliyemtibu akagundua. Sarah Emma Edmonds, aliyekuwa Franklin Thompson katika kikosi cha pili cha Michigan, alishikwa na malaria mwaka 1863. Sisi tunaoijua malaria tunajua haikupi nafasi ya kuficha kitu. Alikuwa na njia mbili, hospitali ya jeshi au kutoroka. Alitoroka, na rejista ikamwandika mtoro.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, kwa sababu mimi ni mtafiti wa kumbukumbu za kijeshi na ninachosoma zaidi ni majalada ya malipo. Niliingia humo kwa mlango wa nyumbani. Nilianza na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa Carrier Corps, waliolipa mtaa wa Kariakor jina lake. Pale Kenyatta Avenue pana sanamu za shaba za wanaume watatu, mmoja wao mpagazi, na maandishi chini yao yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mpagazi hata mmoja halipo. Ukitafuta mmoja katika karatasi za zamani unakuta jina limeandikwa kama lilivyosikika kwa karani mgeni, na mshahara ambao jamaa zake hawakuufikia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilipofika kwenye jalada la Edmonds nilikuwa nimeshajua kwamba jina ni mlango wa hela.

Yeye alilazimika kuthibitisha kwamba Franklin Thompson aliyetoroka na mama mwenye watoto aliyesimama mbele ya serikali ni mtu mmoja. Wenzake wa kikosi walimtolea ushahidi. Mwaka 1884 bunge lilimpa pensheni ya dola 12 kwa mwezi, na alama ya utoro ikaja kufutwa baadaye.

Cathay Williams hakupata. Huyu alizaliwa utumwani Missouri, na mwaka 1866, vita vikiwa vimekwisha, alijiandikisha St. Louis kama William Cathay katika kikosi cha 38 cha askari weusi wa miguu. Alilazwa hospitali zaidi ya mara moja na hakugunduliwa hadi mwaka 1868. Nalisoma jalada lake kwa uchungu. Alipoomba pensheni mwaka 1891 alikuwa anatembea kwa mkongojo, vidole vya miguu vimekatwa, na daktari wa serikali akaandika kwamba hana ulemavu. Miaka miwili ya kutumikia ikaishia hapo.

Mama yule aliniuliza pia kama walifuata waume. Wapo waliofuata. Lakini Sarah Rosetta Wakeman wa New York alifuata fedha: mwaka 1862 alipewa dola 152 za kujiandikisha, na nyumbani kulikuwa na deni. Alikufa kwa kuhara damu New Orleans mwaka 1864, baada ya kulazwa karibu mwezi mzima, na kaburi lake limeandikwa Lyons Wakeman. Tunamjua kwa sababu familia ilizitunza barua zake. Waliokufa bila barua na bila jalada hawamo kwenye hesabu ya yeyote, na naamini ndio wengi.

Huku kwetu Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau, alipanda cheo hadi Field Marshal katika msitu wa Nyandarua kwa jina lake mwenyewe. Msituni hapakuwa na karani wala daktari wa makuruti, na walioapa pamoja walijuana. Sheria iliyowalazimisha wengine kuwa Robert na Franklin ilikaa mezani pa kuandikisha.

Nimemweka mwisho Albert Cashier, maana ndiye ninayemfikiria zaidi. Alizaliwa Ireland akiitwa Jennie Hodgers, akajiunga na kikosi cha 95 cha Illinois mwaka 1862, akapigana Vicksburg, akamaliza muda wake mwaka 1865 bila kugunduliwa. Kisha hakurudi kuwa Jennie. Aliishi kama Albert kwa miaka karibu hamsini mingine, akafanya vibarua, akapiga kura, akapokea pensheni. Wanaoandika kwa Kiingereza hubishana wamwite kwa neno la kike au la kiume. Kiswahili kinanipa alipigana, alifanya vibarua, alizeeka, na sihitaji kumhukumu ili kumsimulia.

Mwaka 1911 gari lilimvunja mguu na daktari akajua. Miaka mitatu baadaye akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Watertown, wakamlazimisha kuvaa sketi, akajikwaa nayo akavunjika nyonga. Ofisi ya pensheni ikafungua uchunguzi wa udanganyifu. Askari wenzake, wazee wote, wakahojiwa mmoja mmoja, wakasema ndiye, ndiye Albert tuliyekuwa naye. Malipo yakaendelea. Alikufa Oktoba 1915, akazikwa na sare yake kwa heshima za kijeshi, na jiwe la kaburi likaandikwa jina moja tu, lile ambalo wenzake walimjua nalo.

Nilipofika hapo mama yule aliketi.