Tungekuwa na damu ya mjusi, nani angeitwa mvivu?

Juni hii kusi linavuma, na asubuhi Lindi kuna kaubaridi. Nikifika kufungua duka langu la dawa za mifugo, namkuta yule mjusi mwenye kichwa cha buluu kajibandika ukutani, upande wa mashariki. Nikinyoosha mkono anajikokota kama mtu aliyekatizwa usingizi. Saa sita mchana simpati hata kwa fimbo.

Tunasema ana damu baridi, jina linalopotosha. Mchana ukimpima, joto lake laweza kuwa sawa na langu. Ila yeye anaazima kwa jua, mimi natengeneza mwenyewe. Mbuzi ninaowapima hapa huwa na nyuzi 39 hivi, kuku 41, mimi 37, iwe alfajiri au adhuhuri.

Joto hilo linalipiwa kwa chakula. Mtu mzima hula kama kilokalori 2,000 kwa siku, na nyingi huishia kuwa joto, hata akilala tu. Mamba wa Ruvuma mwenye uzito wangu hutosheka na kama sehemu ya kumi ya hizo. Yaani ugali na kisamvu vya siku moja vingenivusha wiki nzima na zaidi. Miezi ya kusubiri mavuno isingemtisha mtu. Mama lishe wa stendi, poleni.

Sasa mwendo. Joto la mwili likishuka nyuzi 10, kemia ya ndani hupungua kasi kwa nusu au zaidi, na kufikiri nako ni kemia. Mtu wa Makete, ambako Juni huweza kuanguka sakitu, angeota jua hadi saa nne ndipo akumbuke jina la mkewe. Sisi huku, usiku una nyuzi 20 hivi, tungekuwa tumeshaingia kazini. Hata wavuvi wa dagaa wangetoka na taa zao usiku, polepole lakini wangetoka. Mbona mjusi kafiri huwinda wadudu kwenye taa usiku huohuo? Nimechoka kusikia watu wa pwani ni wavivu. Kwa damu hiyo, tungewasubiri wa bara waamke.

Kuugua ndiko kungebadilika zaidi. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mijusi aina ya iguana wa jangwani walioambukizwa bakteria walipona zaidi wakikaa penye joto kuliko penye ubaridi. Homa yao wanaifuata kwa miguu. Kwa hiyo zahanati zetu zingekuwa na uwanja mpana, wagonjwa wameanikwa mikekani kama korosho, muuguzi anapita kuwageuza. Na siku ya mawingu, ugomvi wa nafasi usingekwisha.

Nilimsimulia haya kwa simu shemeji yangu wa Makete. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza viwanja Lindi siku hizi vinauzwaje.