Kiunganishi Huishi Kuliko Prosesa

Mtu akinitaka ushauri kuhusu bodi ya kompyuta ya kupachikwa ndani ya mashine, karibu kila mara huanza na prosesa: ina kasi gani, ina viini vingapi, inakula umeme kiasi gani. Mimi huanza na kiunganishi, yaani sehemu yenye pini inayoiunganisha bodi na nyingine. Prosesa huacha kutengenezwa baada ya miaka kadhaa, ilhali mashine ya kiwandani au kifaa cha hospitali hutarajiwa kufanya kazi miaka 15 na zaidi. Kinachoamua kama mashine hiyo itapewa prosesa mpya bila kusanifiwa upya yote ni mpangilio wa pini na mahali pa matundu ya skrubu, mambo ambayo viwango vya sekta hii huyaainisha kwa milimita.

Chukua PC/104, kiwango kilichotolewa mwaka 1992. Jina limetokana na pini zake 104, yaani 64 katika kiunganishi kimoja na 40 katika kingine, zikibeba mawimbi yaleyale ya ISA, mfumo wa kuunganisha kadi za nyongeza uliotumika katika kompyuta za mezani za wakati huo. Bodi ina milimita 90 kwa 96, na pini hupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, hivyo bodi hupandishwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa nguzo za pembeni bila kuhitaji bodi mama. Ukilishika rundo hilo na kulitikisa, hakuna kinachocheza, na ndiyo maana lilipendwa kwenye magari na mitambo yenye mtikisiko. ISA ilipozeeka, kiliongezwa kiunganishi cha pini 120 kwa ajili ya PCI, mrithi wake, kisha baadaye kingine cha PCI Express, yenye kasi zaidi. Ukubwa wa bodi ulibaki uleule.

Njia nyingine ni ya moduli, na mfano wake mkuu ni COM Express, iliyotolewa mwaka 2005 na PICMG, muungano wa makampuni unaotunga viwango vya bodi. Prosesa na kumbukumbu hukaa kwenye bodi ndogo, na soketi, umeme na vifaa vyote vya pekee vya mashine yako hukaa kwenye bodi ya chini unayoisanifu mwenyewe. Bodi hizo mbili huungana kwa pini 440. Prosesa ikipitwa na wakati unabadilisha moduli peke yake. Nadharia ni nzuri, lakini kiwango hicho kina aina kadhaa za mpangilio wa pini zinazotumia viunganishi vya umbo moja. Aina ya 2 ilikuwa na pini za PCI na za IDE, kiunganishi cha zamani cha diski. Aina ya 6 iliyokuja baadaye ilizigawa pini hizo upya kwa skrini za kidijitali na njia zaidi za PCI Express. Niliwahi kuchomeka moduli ya Aina ya 6 kwenye bodi ya chini ya Aina ya 2. Iliingia vizuri kabisa, taa ya umeme wa akiba ikawaka, lakini mashine ikagoma kuwaka. Nilipoteza nusu siku nikiulaumu usambazaji wa umeme kabla ya kupima pini 3 za utambulisho wa aina: bodi ya chini ilikuwa imemtambua mgeni na kumfungia umeme, kama kiwango kinavyoshauri. Msanifu asingeweka sakiti hiyo ndogo, ningekuwa nimeunguza kitu.

Hata ndani ya aina moja, kiwango huweka kima cha chini na cha juu. Moduli mbili za Aina ya 6 zinaweza kutofautiana kwa idadi ya skrini au njia za PCI Express, na zote zikawa halali. Kwa hiyo neno «inaafikiana» kwenye tangazo halinitoshi. Nataka jedwali la pini.

Siku hizi msukumo mkubwa unatoka kwenye kasi. Kizazi cha 5 cha PCI Express hupitisha biti bilioni 32 kwa sekunde katika kila njia, na kwa kasi hiyo kiunganishi chenyewe hupoteza na kurudisha sehemu ya mawimbi. Ndiyo sababu PICMG ilitoa COM-HPC mwaka 2021, yenye viunganishi vipya na pini hadi 800, badala ya kuendelea kuinyoosha COM Express. Umbo la zamani halikuweza kuokolewa safari hii.

Upande wa vifaa vidogo, vingi vikiwa na prosesa za Arm, aina inayotumika pia kwenye simu, chama cha viwango cha SGET kina SMARC, moduli ya milimita 82 kwa 50 yenye pini 314 ukingoni. Chama hichohicho kina pia OSM, ambayo hulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi na kufikia migusano 662 katika milimita 45 kwa 45. Kwa vifaa vinavyounganishwa kwa maelfu na roboti, OSM hupunguza gharama ya kiunganishi na kazi ya mikono. Lakini kuing'oa kunahitaji mashine ya hewa moto na mkono uliozoea, kwa hiyo pale ambapo moduli itabadilishwa kazini na fundi mwenye bisibisi tu, bado ninachagua SMARC.