Kle ya 13 haifungui Chevrolet ya 1957

Bandugu, wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kile kile, eti papa, gari ya zamani ya Marekani utaipatia wapi pyesi hapa Lubumbashi, na mi najibu kila siku vile vile: pyesi si shida. Chevrolet za 1957 zilitoka karibu milioni 1 na nusu, Wamarekani wanazipenda mpaka leo, ukitaka raba ya mlango, ukitaka taa ya nyuma, ukitaka toli (bati) ya chini, kuna watu kule wanaitengeneza mpya kabisa. Shida ya ile gari ni sisi wenyewe mekanisie na kle (spana) zetu za milimita.

Ngoja nieleze. Gari yenyewe iliingia garaji kwangu Katuba mwaka jana, imevutwa na kamba toka parsele moja ya kartie (mtaa) Bel-Air hapa Lubumbashi, na Bel Air njo jina pia la Chevrolet ya bei ya juu. Na mwenye gari, papa moja wa heshima sana, aliirithi kwa baba yake, akashuka akaniambia: "Hii njo Bel Air ya kweli, imetoka Bel-Air." Tukacheka wote. Bon, mi niko na tabia moja, kabla ya kugusa motere nafungua mlango wa mbele kushoto, kwenye nguzo ya bawaba kuna plaki ndogo. Hii ilikuwa imepakwa rangi labda mara nne, nikasugua polepole na kitambaa cha esansi (petroli) mpaka namba zikatoka: B57T na tarakimu zingine nyuma. Sasa soma na mi. Herufi A ingekuwa 150, ile ya bei ya chini, B ni 210, C njo Bel Air. Ingekuwa na V mbele ingekuwa ya silindri nane, haina, kwa hiyo ni sita kwa mstari. 57 ni mwaka. T ni kiwanda cha Tarrytown, kule jimbo la New York. Papa alinyamaza. Akauliza kama plaki haiwezi kukosea. Nikamwambia papa, plaki haikosei, lakini 210 ni gari nzuri tu, motere ile ile, shasi ile ile, tofauti ni marembo.

Sasa kwenye kle. Gari yote imefungwa kwa inchi. Bulo (bolti) ya kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, wewe unachukua kle ya 13 inaingia, unafurahi. Ile nafasi ya 0.3 unaiona ndogo, lakini mara ya kwanza inafungua, ya pili inateleza, ya tatu kichwa kimekuwa mviringo na fundi anaenda kutafuta patasi na nyundo. Ya 9/16 ni mbaya zaidi, ni 14.29, kle ya 14 inakataa kuingia, basi mtu anachukua 15 inayocheza ngoma mule. Na kinachotudanganya ni zile mbili tatu zinazokubali: 5/16 ni 7.94, kle ya 8 inaishika vizuri, 3/4 ni 19.05, ya 19 mara nyingi inaingia. Basi mtu anasema aka, si ni kitu kimoja tu! Kwenye ile gari nilihesabu bulo 31 zilizokufa kichwa, kabla sijafika hata kwenye gia.

Lakini kichwa cha bulo bado ni dhambi ndogo. Meno njo hatari. Bulo ya 5/16 ya meno makubwa na bulo yetu ya 8, ukizishika mkononi ni mapacha. Ila ya inchi iko na meno 18 kwa kila inchi, yaani toka jino mpaka jino ni milimita 1.41, na ya kwetu ni 1.25. Ukiiingiza kwa mkono inazunguka mara mbili, mara tatu, halafu inakaza. Pale fundi mwenye akili anasimama. Mwenye haraka anaongeza bomba kwenye kle. Nilikuwa na kijana wa kujifunza, siku ya kwanza aliniambia "Papa, iko inakatala," nikamwambia basi ikatale, toa, na mpaka leo hiyo ni sheria ya garaji: kitu kinachokataa kwa mkono hakilazimishwi na chuma. Aliyetutangulia yeye alilazimisha, tundu moja pembeni ya bloki lilikuwa limebaki laini ndani sawa shingo ya chupa.

Hapo Lubumbashi inatuokoa, na mtu asikudharau kwa kukaa mbali na Amerika. Hapa tuko na maturneri wazee, mafundi wa kuchonga chuma kwa mashine, waliojifunzia kazi kwenye maatelieri ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mtu anapima kwa jicho halafu pied à coulisse (kipimo cha vernier) inakuja kumpa haki. Nilimpelekea mzee moja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ile bulo ya asili kama mfano, akatengeneza shemize (bomba fupi la kuvika tundu) ya chuma, nje meno mapya makubwa, ndani 5/16 ya kweli, kwa sababu turi yake (mashine ya kuchonga) ya zamani iko na gia za kukata inchi. Siku mbili. Huyo huyo alitoa bushi za bronzi za demareri (starta), na tulipokuwa na kilasi (kichwa cha motere) wazi akatia viti vya valve vya chuma kigumu upande wa moshi. Hiyo ni kwa sababu kilasi za miaka ile zilitegemea esansi yenye madini ya risasi kulinda viti, na risasi ilishaondolewa kwenye esansi ya Afrika kusini mwa Sahara tangu 2006. Kama gari ni ya harusi na Jumapili unaweza kuacha, lakini kama kilasi iko wazi mezani, kwa nini uache.

Kitu kimoja tu turneri haguse: freni. Hii naisema kwa herufi kubwa, FRENI. Gari hii iko na tambure (ngoma za freni) mbele na nyuma, na maître-cylindre, ile pampu kuu ya freni, ya njia moja tu, ya njia mbili zilienea Marekani kuanzia 1967. Maana yake raba moja ikikosa, magurudumu yote manne yamekosa. Nilifungua silindri ya gurudumu la mbele, raba yake ilikuwa imevimba sawa mukate ndani ya mafuta ya moto, laini, inakatika kwa kucha. Nikanusa. Mtu alikuwa amejaza mafuta ya motere kwenye freni! Raba za freni zinakubali mafuta ya freni tu, ukitia mafuta ya motere zinakunywa, zinavimba, zinabana au zinavuja. Na kusafisha tu haitoshi, raba zote ziende, mabomba yaoshwe na alkoli, flexible mpya. Hizo niliagiza Marekani bila kujadiliana bei, mdogo wa papa anakaa Texas.

Karburatere ilikuwa shida ndogo. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa imepungua kama asilimia 12, na karburatere hajui hayo, anamwaga esansi kana kwamba yuko pwani. Namba ya jikleri (kitundu cha kupitisha esansi) ya Rochester, njo karburatere yenyewe, ni elfu za inchi, nikashuka namba mbili, buji (plagi) zikatoka nyeusi ya makaa zikaja kahawia. (Na buji, cha ajabu, ni milimita, meno ya 14, hata kwenye gari ya Amerika.)

Siku ya kuiwasha ilitupotezea saa nzima kwa kitu cha aibu. Tumemaliza, batri iko, nikamtuma kijana atie esansi. Akazunguka gari mara tatu. "Papa, haina mdomo." Kweli, haionekani: ya 1957 mdomo umefichwa nyuma ya ile kromu ya mwisho wa bawa la kushoto, unavuta kromu yenyewe inafunguka kama mlango. Mlinzi wa jirani njo aliyetuonyesha, alikuwa anaoshaga hiyo gari akiwa mtoto.

Kuhusu kuagiza nina neno moja tu: kwa ndege hulipi kilo, unalipa nafasi. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, na kampuni nyingi za vifurushi wanagawa kwa 5,000. Pare-choc (bampa) kwenye katoni ya 200 kwa 40 kwa 30 inakuwa kilo 48 hata kama ndani ni chuma chepesi na hewa. Vitu virefu vipakiwe kwenye meli, vishuke Dar es Salaam, vije polepole mpaka Kasumbalesa, na pale mpakani uwe na faktire (ankara), na moyo. Mi niliwahi kuulizwa kodi iliyopita bei ya kitu chenyewe, nikarudi mara nne.

Kwenye katoni ya mwisho, chini ya raba za freni, nilikuta kifurushi sikukiagiza. Herufi za rangi ya dhahabu, Bel Air, jozi mbili. Nikampigia papa, nikamkumbusha plaki, B, 210. Akasema: "Fundi, hii gari imelala Bel-Air miaka 30. Jina ishalipia."

Matundu nimetoboa jana. Nimepima kwa inchi.