R50.9 si jina la ugonjwa

Ukiangalia vizuri fomu ya bima uliyosaini baada ya kuonwa na daktari, utakuta herufi na tarakimu kama R50.9, B54 au J06.9. Wenye kazi yao wengine huziita "kodi za ugonjwa", neno linalomshtua mpangaji yeyote, kwa hiyo mimi nitasema misimbo. Inatoka kwenye toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, orodha ambayo mzizi wake ni ile ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893.

"Nimeandikiwa R50.9, kumbe nina ugonjwa mpya"

Huna. Sura ya R ni ya dalili na matokeo ya vipimo ambayo bado hayajapata mwenyewe. R50.9 ni homa isiyobainishwa: mwili una joto, chanzo hakijulikani. Kesho picha ya kifua ikionyesha nimonia, utaandikwa msimbo wa nimonia na ule wa homa utaondoka, maana homa imo ndani ya nimonia.

"R ni uvivu. Angeandika malaria tukamaliza"

Hapa ndipo penye matatizo, na lugha yetu inachangia. Mtu huamka na baridi, viungo vinauma, anamwambia jirani "nina malaria" kabla hata hajatia mguu zahanati. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaweza kumfuata mgonjwa wake huko huko.

Msimbo unaotumika sana kwa haraka hiyo ni B54. Watu wanaudhani kuwa ndio malaria ya kawaida. Kwenye orodha, B54 ni malaria iliyotambuliwa kwa dalili tu, bila vimelea kuthibitishwa. Kipimo kikionyesha falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, mahali pake ni kundi la B50. Kipimo kikiwa hasi halafu ukaandika B54, umeandika dhana juu ya ushahidi unaoikataa.

Na dhana hiyo hukosea mno. Utafiti wa wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa Moshi, uliochapishwa 2013, ulikuta asilimia 60.7 walidhaniwa na matabibu kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa wagonjwa 14 tu. Soma tena: 14. Miongoni mwa wengine kulikuwa na leptospirosisi, homa ya Q na magonjwa mengine ya kutoka kwa wanyama, ambayo dawa mseto ya malaria haiyagusi. Watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara waliochunguzwa 2008 walitoa picha inayofanana: malaria kama mmoja kwa kumi, maambukizi ya njia ya hewa zaidi ya nusu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa.

Kwa hiyo daktari aliyeandika R50.9 baada ya kipimo hasi hajashindwa kazi. Anayefungua faili wiki ijayo atajua kwamba swali bado liko wazi. Akikuta B54, atadhani limeshajibiwa.

"Homa na kutetemeka ni misimbo miwili"

Ni mmoja. Toleo la Marekani la orodha hii linaiweka homa yenye kutetemeka ndani ya R50.9; ukiwa na ndugu huko aliyepata bili yenye msimbo huo, mtoe hofu. R68.83 ni ya anayetetemeka bila joto. Orodha ya Shirika la Afya Duniani yenyewe, katika nakala za karibuni za toleo la kumi, inaiweka homa yenye kutetemeka kwenye R50.8. Degedege la homa lina nafasi yake, R56.0, na hapo pia kilichoandikwa ni dalili, chanzo bado kinatafutwa.

"Homa isiyo na jina si homa ya kweli"

Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, waliugua homa kali yenye maumivu ya viungo yaliyowapinda migongo. Wamakonde waliiita kwa namna ilivyowakunja, na neno lao, chikungunya, sasa linatumika dunia nzima na lina msimbo wake, A92.0. Wagonjwa wa kwanza walitetemeka kabla virusi vyake havijatambuliwa. Kwa orodha hii, siku ile wangeandikiwa R50.